Pongezi kwa Wauguzi wa Stoma

Katika joto la Kitui, jasho hulegeza gundi ya mfuko wa stoma, yaani tundu la tumboni lililofanywa kwa upasuaji ili kutolea kinyesi, kisha kinyesi cha majimaji chenye vimeng'enya huvuja na kuichoma ngozi. Ndiyo maana nawapongeza kwa dhati wauguzi wanaotibu chanzo, yaani uvujaji: hukata tundu la mfuko lizidi stoma kwa milimita 2 au 3 tu, huosha ngozi kwa maji ya uvuguvugu, hukausha taratibu bila kusugua. Wapo wasemao krimu yatosha kuiponya ngozi hiyo. Lakini krimu ya mafuta huzuia gundi kushika. Wengine watalalamika kwamba mifuko ni ghali. Ni kweli, na inauma. Ila mfuko uliokatwa vibaya hubanduka mapema, gharama ikazidi. Tena stoma husinyaa katika wiki 6 hadi 8 baada ya upasuaji, hivyo muuguzi hodari humwita mgonjwa ampime upya.