Rubani wa Wakanda

Februari 2018, katika ukumbi wa sinema jijini Dar es Salaam, nilimpigia makofi jasusi wa CIA. Sikuwa peke yangu. Watu walikuwa wamevaa vitenge kana kwamba wamealikwa harusini, watoto wamepishanisha mikono kifuani, na rubani alipoilipua ndege ya mwisho iliyobeba silaha, ukumbi mzima ulishangilia. Filamu ni Black Panther. Rubani ni Everett Ross, mzungu mwema wa hadithi ile.

Nilikwenda na jirani yetu, mzee mzaliwa wa Lubumbashi. Namwita Papa, kama wanawe wanavyomwita. Yeye hakupiga makofi. Alingoja tufike kituo cha daladala ndipo akaniuliza kwa Kiswahili cha kwao: "Ule mutu wa CIA, iko anafanya nini mule ndani?" Nikacheka. Nikamwambia hiyo ni sinema tu, Papa, imetoka kwenye vitabu vya katuni. Hakunijibu, na daladala ikaja.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba lile lilikuwa swali la mhakiki, na bora kuliko yote niliyoyasoma juu ya filamu ile.

Tuanze na hizo katuni. Black Panther alichapishwa kwa mara ya kwanza 1966, katika jarida la Fantastic Four, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Kirby hakuwa mgeni wa siasa. Yeye na Joe Simon, wote Wayahudi, ndio waliomchora Captain America akimtwanga Hitler ngumi ya uso kwenye jalada la Machi 1941, miezi kadhaa kabla Marekani haijaingia vitani. Mwaka 1966 akachora ufalme wa Kiafrika ulioketi juu ya madini yasiyopatikana kwingine, na Mzungu anayekuja na bunduki kuyachukua na kumuua mfalme. Wakanda ni nchi ya kubuni, lakini kisa chenyewe kilikuwa kimeshatokea. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa mabomu ya atomiki ya Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga. Naye Patrice Lumumba, aliyetaka mali ya Kongo iwe ya Wakongo, aliuawa Januari 17, 1961, porini karibu na mji ambao leo unaitwa Lubumbashi. Waliompiga risasi walikuwa watu wa Katanga, mbele ya maofisa wa Kibelgiji. Lakini mwaka 1975 kamati ya Seneti ya Marekani ilieleza hadharani kwamba CIA nayo, miezi michache kabla, ilikuwa imepeleka sumu Kongo kwa ajili yake.

Kwa hiyo Papa alikuwa anauliza habari za nyumbani kwao.

Ross wa kwenye katuni hakuwa jasusi. Alibuniwa 1998 na Christopher Priest, mwandishi Mmarekani mweusi, kama karani wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani aliyepewa kazi ya kumsindikiza mfalme wa Wakanda. Tunapokutana naye katika toleo la kwanza la Priest yuko chooni, hana suruali, kashika bastola, anamwogopa panya. Ndiye anayetusimulia hadithi, na anaivuruga kila anaposimulia. Priest alimpa msomaji mzungu mtu wa kuazima macho yake, kisha akamchekesha kwa macho hayohayo. Hiyo ni siasa kali, hata kama imevikwa utani.

Sinema ikamvalisha suruali, ikampa kitambulisho cha CIA na usukani wa ndege.

Mtu anaweza kusema ni jambo dogo. Lakini tazama linavyofanya kazi. Katikati ya filamu Ross ndiye anayewaeleza Wawakanda kwamba Killmonger ni zao la jeshi la Marekani, kwamba alikuwa katika kikosi cha siri kilichoyumbisha nchi za watu, hasa wakati madaraka yanapobadilishana mikono. Anaeleza kama daktari anayesoma majibu ya maabara ya mgonjwa asiyemhusu. Hakuna anayemuuliza: na wewe ulikuwa wapi? Shuri anamtania kwa kumwita mkoloni, tunacheka, na deni linahesabiwa limelipwa. Baadaye Killmonger anataka kupeleka silaha za Wakanda kwa watu weusi wanaoonewa duniani. Mwanafunzi huyo anakufa kwa kutumia aliyofundishwa, na mtu wa ile serikali iliyomfundisha ndiye anayeketi kwenye kiti cha rubani na kuzizuia silaha zisitoke. Mfalme naye anakwenda kununua majengo Oakland ili afungue kituo cha huduma za jamii.

Simshuku Ryan Coogler kwa ujinga. Filamu yake ya kwanza, Fruitvale Station, ilimhusu Oscar Grant, kijana aliyeuawa na polisi huko Oakland. Huyu anajua dola inavyoua. Kuna marafiki zangu wanaosema alifanya ujanja, kwamba maungamo ya Ross yalipenyezwa kwenye sinema ya Disney kama karatasi ndani ya mkate. Nakubali nusu. Kuungama kupo, lakini kumetolewa na mtu ambaye dakika arobaini baadaye tunamshangilia, na makofi yana sauti kubwa kuliko maungamo. Najua, kwa sababu mengine yalikuwa yangu.

Zaidi ya hapo, tazama nani alikasirika na nani hakukasirika. Filamu ya pili, Wakanda Forever ya 2022, inawaonyesha mamluki wa Kifaransa wakivamia kituo cha Wakanda nchini Mali ili waibe madini. Mwaka huohuo majeshi halisi ya Ufaransa yalikuwa yameondoka Mali. Februari 2023 waziri wa majeshi wa Ufaransa, Sébastien Lecornu, akailaani filamu hiyo mtandaoni. Waziri mzima, juu ya katuni! CIA wao walifanyaje? Usiku wa tuzo za Oscar, Februari 2019, waliingia Twitter na kuwachangamsha watu kwa maswali kuhusu teknolojia ya Wakanda, ipi ni ya kweli na ipi ni ya kubuni. Kama shirika la ujasusi linaitazama hadithi ya Afrika yenye madini na kujisikia liko nyumbani, basi mwandishi wa hadithi hiyo ana jambo la kujiuliza.

Kwa haki, filamu ya pili inajaribu kurekebisha. Mkurugenzi wa CIA ndani yake anakiri kwamba anaota Marekani ingekuwa nchi pekee yenye madini yale, na kwa mara ya kwanza shirika linaonyesha meno. Lakini Ross bado ni mwema, mwema hata zaidi: anawasaidia Wawakanda kinyume cha waajiri wake, anakamatwa, na Okoye anashuka kutoka angani kuja kumkomboa.

Novemba 2022 nilikwenda tena na Papa. Yeye ndiye aliyeninunulia tiketi, akisema anataka kuona kama wamemjibu. Okoye alipomtoa Ross kwenye gari lile watu walishangilia, wachache kuliko mara ya kwanza, lakini walishangilia. Papa alinigeukia gizani, akanitazama mikono. Ilikuwa imeshika bisi.