KICHOMI: Jina la Maumivu Lililogeuzwa Jina la Maradhi

Miongoni mwa maneno ambayo mwalimu wa Kiswahili huyapita upesi darasani, kwa kudhani kwamba maana yake ni wazi, ni neno kichomi. Mwanafunzi akiuliza, huambiwa kwamba kichomi ni nimonia, na somo likaendelea. Jibu hilo si la uongo, na aghalabu kamusi zetu huliunga mkono. Walakini ni jibu pungufu, na upungufu wake si wa kitaaluma peke yake. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba kichomi, kwa asili yake, ni jina la namna mojawapo ya maumivu makali, na kwamba kulifanya jina la maradhi maalumu kumeipunguzia lugha uwezo mahali ambapo mgonjwa auhitaji sana.

Tuanze na umbo la neno. Kichomi latokana na kitenzi choma. Kiishio chake ni kile kile tukionacho katika msomi kutokana na soma, mpishi kutokana na pika, na mwizi kutokana na iba. Yaani kiishio cha mtenda. Kwa mujibu wa muundo huu, kichomi si tendo la kuchoma wala si alama iachwayo na tendo hilo, bali ni kile kichomacho. Tendo lina jina lake, nalo ni mchomo. Tofauti hii yaweza kuonekana ndogo, lakini yaafikiana na desturi pana ya lugha yetu katika kueleza maumivu. Msemaji aumwaye husema kwanza, kichwa chaniuma. Kichwa ndicho kiima cha sentensi, na mwenye kichwa ni yambwa. Kuuma huku ni kule kule kwa meno, kama mbwa aumavyo, wala si Waswahili peke yao wanaosema hivyo: Mganda kwa kitenzi kile kile cha Kibantu husema omutwe gunnuma, na luma kwake ni kung'ata. Maumivu, basi, ni kutendewa. Kiungo kimemgeukia mwenyewe, na kichomi ni mmoja wa watenda hao.

Ukisha kulikubali hilo, utaona kwamba vitenzi vya maumivu haviwezi kupangwa ovyo kama visawe. Tumbo hukata, tena husokota. Kichwa huwanga. Jipu lililokaribia kuiva hupwita, na chumvi iingiapo katika mkwaruzo huchonyota. Koo hukereketa, mbavu huchoma. Jaribu kubadilisha. Sema kwamba koo lasokota, au kwamba mbavu zakereketa, na msikilizaji atakukodolea macho. Kitenzi uma ndicho pekee kiwezacho kuzunguka karibu kila kiungo, na kwa sababu hiyo ndicho kisemacho machache zaidi. Mtunga kamusi aandikapo kwamba kuwanga ni kuuma, na kwamba kupwita ni kuuma, amesema kweli, lakini ameyatupa yale yaliyomfanya msemaji achague neno lile na kuliacha hili.

Jina uchungu lastahili tahadhari yake. Wengi hulitaja kuwa kisawe cha kwanza cha maumivu. Ninavyosikia mimi katika bara ya Kenya, mtu husema bila shida kwamba mguu wake una uchungu. Kwa wazee wa pwani niliozungumza nao, uchungu ni wa ulimi uonjao shubiri, wa moyo uliofiwa, na wa mwanamke aliyekaribia kujifungua. Mguu kwao huuma tu. Methali isemayo kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi huchukua maana mbili kati ya hizo kwa pamoja, ya uzazi na ya moyo, na nguvu yake imo katika kutochagua. Kichomi hakina upana huo. Kichomi ni cha mahali pamoja, huja ghafla, na mwenye nacho huweza kukionyesha kwa ncha ya kidole.

Hata hivyo kitenzi choma chenyewe kina pande mbili ambazo ni lazima tuzitenge. Huchoma moto, na huchoma mkuki. Nyama huchomwa, na mwiba huchoma. Nchini Tanzania mgonjwa huchomwa sindano. Sisi wa Kenya twadungwa. Methali yetu imefuata mgawanyiko huo huo, kwani wako wasemao kwamba mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na wako wasemao mwiba wa kujidunga. Kwa kuwa dunga limeichukua kazi ya ncha, kwa wasemaji wengi wa Kenya choma limebaki na moto, na wanafunzi wetu hulijua zaidi katika nyama. (Vijana wa Nairobi wana choma yao pia, ya kumwaibisha mtu, ambayo nayo bila shaka ni ya moto.) Nimepata kuona insha ya mwanafunzi ambamo mhusika alishikwa na kichomi baada ya kula pilipili nyingi. Mwanafunzi alikusudia kiungulia. Nilimsahihisha kwa kalamu nyekundu, kisha nikatambua kwamba hakukosa mantiki: kiungulia ni cha kuungua, na kwake kichomi nacho kilikuwa cha kuungua. Ila neno lenyewe, katika matumizi yake ya zamani, ni la ncha kabla ya kuwa la moto.

Sasa neno hili la hisi lilipataje kuwa jina la maradhi? Nadhani ngeli imechangia. Ngeli ya KI-VI imejaa majina ya maradhi: kifaduro, kifafa, kisonono, kisukari, kipindupindu, kichocho. Neno la ngeli hiyo likitamkwa karibu na kitanda cha mgonjwa, sikio huwa tayari kulipokea kuwa ugonjwa. Mwenzangu mmoja alinipinga hapa kwa hoja nzuri. Alisema kwamba ni kawaida ya lugha kuhama kutoka maumivu hadi maradhi. Mbona Mtanzania asemapo naumwa huwa na maana kwamba yu mgonjwa, hata kama hakuna kiungo kimuumacho? Ni kweli. Lakini kuumwa kumehamia ugonjwa wowote, na msikilizaji hulazimika kuuliza, waumwa nini? Kichomi kimehamia ugonjwa mmoja, na msikilizaji haulizi tena.

Wasemaji wa kawaida hawakukubali uhamisho huo kikamilifu. Msikilize mgonjwa asemaye kwamba ana vichomi chini ya kitovu, au vichomi katika ziwa. Wingi huu haungewezekana kama neno lingekuwa limekwisha kuwa jina la maradhi ya mapafu. Hakuna mwenye kisukari asemaye kwamba ana visukari. Tena vichomi hivyo haviko kifuani hata kidogo. Wingi na mahali vyatosha kuonyesha kwamba maana ya hisi ingali hai vinywani mwa watu, ingawa katika kamusi imesukumwa pembeni.

Hapa ndipo suala hili litokapo katika maktaba. Maumivu makali yachomayo ubavuni mtu avutapo pumzi hutokana na mambo mengi. Yaweza kuwa nimonia, au kuvimba kwa utando unaoyafunika mapafu, au kifua kikuu, au ubavu uliovunjika, au msuli uliovutika, au damu iliyoganda na kuziba mshipa wa pafu, jambo ambalo huua kwa haraka. Mgonjwa asemaye ana kichomi ametoa ushahidi wa hisi, na ushahidi huo ni wa thamani. Mhudumu aliyefunzwa kwamba kichomi ni nimonia huweza kuusikia kana kwamba mgonjwa amejitajia jina la ugonjwa wake.

Upande wa pili wa kosa hili wanitia hofu zaidi. Katika maradhi ya kuambukiza, nimonia ndiyo inayoua watoto wengi zaidi wa chini ya miaka 5 duniani. Mtoto mchanga hawezi kusema kwamba kitu kinamchoma. Dalili ambazo Shirika la Afya Duniani hufundisha si za maumivu, bali ni za pumzi: pumzi 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 40 au zaidi kwa wa miezi 12 hadi 59, na kifua kubonyea chini ya mbavu avutapo hewa. Mama aliyejulishwa ugonjwa huu kwa jina la kichomi atangoja kuona kichomi. Atamtazama mtoto anayehema upesi bila kulia kwa maumivu, na jina alilopewa halitamsaidia kumtambua mgonjwa aliye mbele yake.

Watunga kamusi hawakuwa na nia mbaya. Johnson, katika kamusi yake ya 1939, aliyapanga majina mengi chini ya vitenzi yalikotoka, na msomaji aliyetafuta kichomi kwa mpango huo alikutana kwanza na choma na maana zake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 iliyapanga majina kwa herufi zake yenyewe. Kwa mtafutaji jambo hili ni jema, lakini lilikata kamba iliyomwonyesha kwamba neno hili ni la ncha na la moto. Ninachopendekeza ni kwamba maana ya hisi itangulie: maumivu makali ya ghafla ya mahali pamoja, kama ya kudungwa na kitu chenye ncha, na mfano wake uwe wa wingi. Maana ya maradhi ifuate, pamoja na alama kwamba ni ya matumizi ya mazoea. Nimonia ipewe kidahizo chake, kisichoyafanya maumivu kuwa kitambulisho chake.

Wafasiri nao wanahusika. Mwaka 1975 Ronald Melzack wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alichapisha dodoso la kupima maumivu lenye maneno 78 katika makundi 20, na madodoso ya namna hiyo yamekuwa yakifasiriwa katika lugha nyingi. Katika lile la Melzack, maumivu ya kisu na maumivu ya moto yamo katika makundi tofauti, kwa kuwa tofauti hiyo humsaidia tabibu. Mfasiri wa Kiswahili atayaandika yote mawili kuwa maumivu ya kuchoma, na makundi mawili yatakuwa moja bila yeye kujua. Lugha ina dawa ya tatizo hili, kwani dunga, choma, unguza na chonyota zimo zote mikononi mwetu. Lakini nani ataandika dunga, ilhali mgonjwa wa Tanga hasemi dunga?