Ndoto Isiyo na Ukoo: Viunzi vya Hadithi katika "The Sandman" Vikitazamwa kutoka Kisaki

Mwezi wa Septemba 1916 majeshi ya Afrika Kusini, chini ya amri kuu ya Jenerali Smuts, yaliushambulia mji mdogo wa Kisaki, kusini ya milima ya Uluguru. Askari wa von Lettow-Vorbeck waliyarudisha nyuma. Siku chache baadaye wakauacha mji wenyewe, wakaelekea kusini. Mwaka huo huo ndio uliochaguliwa kuwa mwanzo wa "The Sandman", mchezo wa televisheni ulioanza kuonyeshwa na kampuni ya Netflix mwezi wa Agosti 2022 na kumalizika Julai 2025. Mchawi mmoja wa Kiingereza, Roderick Burgess, aliyefiwa na mwanawe katika vita vile vile vilivyofika Kisaki, ajaribu kumfunga Mauti ili mtoto arudishwe. Akosea, amnasa ndugu yake Mauti, yaani Ndoto, bwana wa usingizi wote, na kumfungia ndani ya kioo kwa muda uzidio miaka mia.

Kukutana huku kwa tarehe ni bahati tu, wala watunzi hawakuifikiria Kisaki. Hata hivyo, kwatoa nafasi nzuri ya kuuliza swali ambalo uhakiki wa Kiswahili haufai kulikwepa: hadithi za namna hii zinapowafikia wasikilizaji wa ngano, ni kitu gani ndani yake wanachokijua tangu zamani, na ni kitu gani wanachokikosa?

Wanachokijua si kidogo. Mchezo huu, uliotokana na hadithi za picha za Neil Gaiman zilizotolewa Marekani kati ya 1989 na 1996, umejengwa kwa viunzi vya kale kabisa. Bwana amefungwa, na kwa sababu hiyo dunia yaugua: wako watu walalao wasiamke, na wengine wasiopata usingizi. Akiisha kufunguliwa, hana budi kuvitafuta vitu vyake vitatu vya enzi, navyo ni mfuko wa mchanga, kofia ya vita na kito chekundu. Kwa ajili ya kimojawapo ashuka Jehanamu, na huko ashindana na Lucifer kwa kugeuka maumbo: huyu awa mnyama mkali, yule awa mwindaji wake, huyu awa nyoka, yule awa ndege amlaye nyoka, mpaka mmoja awa mwisho wa vitu vyote, na mwenzake ajibu kwa kuwa tumaini. Aliyezoea malumbano ya washairi wa pwani hatahitaji kuelezwa sheria za pambano hilo. Silaha ni neno, na ashindwaye ni yule asiye na jibu.

Mambo haya ni fahari ya mchezo, wala si haki kuyaita porojo kwa sababu tu yametoka ng'ambo. Upungufu wake uko mahali pengine, na lugha yenyewe yaonyesha njia ya kuufikia. Kiswahili kina ndoto, ambayo ni ya kila usingizi. Kina njozi, ambayo huja na maana. Kina ruya, iliyopokewa kutoka Kiarabu. Tena kina jinamizi, limwelemealo mtu kitandani hata asiweze kupiga kelele. Tofauti hizi zawalazimisha watu kuuliza: lililoonekana limetoka wapi, na lataka nini? Katika "The Sandman" yote yamewekwa chini ya mfalme mmoja katika jumba moja. Mwotaji huingia peke yake, hutoka peke yake, na mara nyingi hadaiwi lolote.

Katika milima ya Uluguru na bonde la Wakutu mambo hayakuwa hivyo. Marehemu akimtokea mtu usingizini, habari ile haikuwa mali ya mwotaji. Ilipelekwa kwa wazee, na huenda ikadai tambiko. Kadhalika Kolelo, yule nyoka mkuu wa pangoni ambaye habari zake ziliandikwa na mmisionari wa Kijerumani, Martin Klamroth, kabla ya vita vya 1914. Kolelo hakuwa bwana wa mtu mmoja. Waluguru, Wakutu na Wazaramo walimwendea kwa ajili ya mvua, na maneno yake yaliwafikia kwa vinywa vya walinzi wa pango. Mwaka 1905, wakati wa Maji Maji, ilienea habari kwamba Kolelo amekataza Wajerumani wasilipwe kodi. Ajabu ya Kolelo yatisha sawasawa na ajabu yoyote ya televisheni, lakini inayo anwani: ina pango, ina walinzi, ina watu waliotii au waliokataa, na ina gharama iliyolipwa.

Upungufu huo waonekana wazi zaidi katika kisa cha Nada, malkia wa Kiafrika aliyempenda Ndoto, kisha akakataa kuolewa naye, akahukumiwa kukaa Jehanamu miaka elfu kumi. Katika hadithi za picha, kisa hiki chasimuliwa na mzee kwa kijana aliyetoka kutahiriwa, na msomaji aambiwa kwamba wanawake wana masimulizi yao wasiyowapa wanaume. Hapo mtunzi amegusa jambo la kweli, kwamba ngano ina wenyewe. Lakini watu wa Nada ni "watu wa kwanza" tu, hawana kabila wala mlima. Uluguruni, ambako ukoo hufuatwa kwa mama, malkia aliyepotea angekuwa na wajomba wa kumdai, na wanawake wa ukoo wangekuwa wenye neno la kwanza. Nada hana wa kumdai, na kwa hiyo mateso yake yabaki kuwa pambo la majuto ya mwanamume mpaka yeye mwenyewe aone vema kumfungua.

Hata hivyo, haki yataka isemwe kwamba mchezo wamalizika vizuri kuliko ulivyoendelea. Katika sehemu ya pili Ndoto amwua mwanawe Orpheus, tena kwa huruma, kwa kuwa mwana mwenyewe ameomba kufa. Amevunja mwiko wa kumwaga damu ya jamaa, na wenye kulipiza kisasi cha damu hawamwachi mpaka naye afe. Mwisho huo wakiri jambo ambalo mchezo ulilisahau kwa muda mrefu: hata bwana wa ndoto ana ukoo, na ukoo una deni.

Hapa ndipo penye fundisho kwa waandishi wa Kiswahili wanaovutwa na hadithi za giza. Muhammed Said Abdulla, katika "Mzimu wa Watu wa Kale" (1960), aliuweka mzimu mbele ya akili ya mpelelezi. Kezilahabi, katika "Nagona" (1990), aliwapeleka wasomaji katika safari iliyo kama njozi. Said Ahmed Mohamed, katika "Babu Alipofufuka" (2001), alimwinua babu kutoka kwa wafu aje amhoji mjukuu wake, mtu wa cheo, juu ya mwenendo wake. Babu huyo hakuhitaji kofia wala kito. Alichokuja nacho ni haki ya mzee kuuliza. Mwenye kutaka kuandika juu ya usiku wa Kisaki anavyo viunzi vyote vya "The Sandman" mkononi, na anacho pia kile ambacho Ndoto alikikiri alipokuwa karibu kufa. Akikopa jumba na kuwaacha wajomba, atakuwa ameacha mbachao kwa msala upitao.