Mji na Kijiji katika Ushairi wa Kisasa wa Kiarabu

Katika makala hii fupi tunakusudia kuhoji jibu ambalo wanafunzi wetu hulitoa tunaposoma ushairi wa kisasa wa Kiarabu kwa tafsiri: kwamba kijiji ni wema na mji ni uovu. Jibu hili lina msingi, lakini tukiliacha hapo tunayafanya mashairi haya yote kuwa shairi moja.

Tuanze na Badr Shakir al-Sayyab (1926–1964). Alizaliwa Jaykur, kijiji cha mitende karibu na Basra, kusini mwa Iraki, akafiwa na mama angali mtoto, kisha akaenda Baghdad kusomea ualimu. Katika mashairi yake Jaykur na kijito chake, Buwayb, ni maji, kivuli na utoto. Mji ni kifungo. Hata hivyo, nafsineni imesimama wapi? Mara nyingi haipo Jaykur. Ipo mbali, ikikumbuka. Aidha, katika shairi lake la Buwayb, kijito hicho hicho kinahusishwa na mauti. Kwa hiyo mkinzano hapa si wa mahali tu, bali ni wa nyakati: leo, na utoto usiorudi.

Kwa Ahmad Abd al-Muti Hijazi wa Misri, mambo ni tofauti. Diwani yake ya kwanza, *Mji Usio na Moyo* (1959), inamsawiri kijana wa shamba aliyeingia Kairo. Kosa kubwa la mji huo si ufisadi. Ni kwamba kijana ana njaa, anatembea katikati ya umati, na hakuna anayemjua. Tukiuita mji huo "uovu" tu, tunaificha njaa yake.

Salah Abd al-Sabur (1931–1981), Mmisri mwenzake, anatutahadharisha kwa upande wa pili. Katika diwani yake ya 1957, *Watu katika Nchi Yangu*, wanakijiji ni wakali na wema kwa pamoja. Wana imani, lakini pia wana njaa na vifo. Hiki si kijiji cha peponi. Ni kijiji cha watu.

Je, haya yanatuhusu vipi sisi tunaofundisha Kiswahili? Lugha yetu ina mizani yake. Neno "mshamba" ni tusi, na "ustaarabu", neno lenye asili ya Kiarabu, mara nyingi tumelifungamanisha na mji. Mwanafunzi aliyetoka kijijini hulibeba tusi hilo hadi darasani, kisha kwenye mtihani anaandika kwamba kijiji ni wema mtupu. Huko ni kukariri, bado hajahakiki.

Tunapendekeza, basi, kwamba kabla ya kutaja dhamira, mwanafunzi aulizwe mambo matatu: Nani anasema? Amesimama wapi anaposema? Na ni nini hasa alichokipoteza? Akiyajibu hayo kwa ushahidi wa shairi lenyewe, neno "mkinzano" litakuwa na maana.