Kumfundisha Mtoto Asiharakishe

Katika ua wa Shule ya Upili ya St Patrick's, Iten, Kenya, kuna miti iliyopandwa kwa heshima ya wakimbiaji waliolelewa hapo wakaenda kushinda Olimpiki au mashindano ya dunia. Kila mti una kibao kidogo chenye jina. Mgeni anaweza kupita chini ya vivuli vile asijue kwamba anapita kati ya mabingwa, maana wanafunzi huendelea na shughuli zao kama kawaida, madaftari mkononi, wakibishana juu ya hesabu za jana. Shule nyingi huadhimisha ushindi wa wanafunzi kwa kombe linalofungiwa kabatini katika ofisi ya mwalimu mkuu. Iten walichagua kitu kinachohitaji kumwagiliwa maji na kusubiriwa. Uamuzi huo unanipendeza sana kwa sababu unalingana na namna wakimbiaji wenyewe walivyofundishwa, na ufundishaji huo ndio ninaotaka kuusifu.

Mji wenyewe uko mita zipatazo 2,400 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo nyanda za juu zinakatika ghafla na ardhi kuteremka hadi Bonde la Kerio. Mwaka 1976 alifika hapo kijana mtawa kutoka Cork, Ireland, Bruda Colm O'Connell, kuja kufundisha jiografia. Hakuwa mwanariadha, wala hakuwa amesomea ukocha. Riadha ya shule ilikuwa mikononi mwa mwalimu Mwingereza, Pete Foster, nduguye Brendan Foster aliyepata medali ya shaba ya mita 10,000 katika Olimpiki ya Montreal mwaka huohuo. Foster alipoondoka, kazi ikamwangukia mwalimu wa jiografia.

Aliwageuza wanafunzi wake kuwa kitabu chake cha ukocha. Aliwatazama wakikimbia, akawauliza wanahisi nini, akatazama tena. Kocha aliyewahi kuwa bingwa huja na miguu yake mwenyewe kichwani, na mara nyingi humlazimisha kila mwanafunzi akimbie kama alivyokimbia yeye. O'Connell hakuwa na mbio za zamani za kuigiza. Alichokuwa nacho ni macho na subira, na naamini upungufu ule wa mwanzo ulimfaa kuliko cheti chochote.

Alichokiona ni kwamba vijana wa Keiyo, Marakwet na Nandi hawakuja shuleni wakiwa na upungufu wa pumzi. Walikuwa wamezaliwa katika hewa nyepesi ya milimani, wengi wao wamepanda na kushuka miinuko tangu utotoni. Mapafu yalikuwa tayari. Kilichohitaji mkono wa fundi ni mwili mzima kufanya kazi kama kitu kimoja: kichwa kitulie, mabega yashuke, viganja visikunjwe ngumi, mikono isivuke kifua, mguu uguse chini na kuondoka bila kupigapiga ardhi. Na juu ya hayo yote kulikuwa na akili ya kijana wa miaka kumi na sita anayetaka kuwashinda wenzake leo, asubuhi hii, katika mazoezi ambayo hayana hata mstari wa kumalizia.

Wageni wengi huja Iten kutafuta siri ya mabingwa. Hutarajia kuona mateso, vijana wanaotapika kando ya barabara na kocha anayefoka huku akitazama saa. Wakifika kwenye mazoezi ya O'Connell huona kikundi kidogo kikikimbia taratibu kwenye barabara ya udongo mwekundu, taratibu kiasi kwamba mtu wa kawaida angeweza kuandamana nacho kwa muda. Wanakwenda kwa mstari au wawiliwawili, hatua zikilingana. Hakuna anayempita mwenzake. Baadaye husimama kwenye kipande cha nyasi na kuanza mazoezi ya kurekebisha mwendo: kuruka kwa mguu mmoja, kuinua magoti, hatua fupi za haraka, kutembea kwa vidole, kupunga mikono bila kusogea. Hurudia, kisha hurudia tena. Mgeni huchoka kutazama kabla ya wao kuchoka kufanya.

Hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo, na unahitaji kutazamwa kwa utulivu uleule. Kasi, kwa kijana mwenye kipaji, ni jambo rahisi, tayari anayo. Ukimwambia akimbie kwa nguvu zake zote, atakimbia, na kila kosa alilo nalo mwilini atalikimbiza pamoja naye. Bega lililopanda litapanda zaidi, shingo itakaza, hatua itarefuka kuliko inavyopaswa. Makosa yakikimbizwa mara elfu huwa ndiyo mwendo wake. Lakini kwa mwendo wa polepole kosa huonekana wazi, na mwenye mwili huo hulihisi mwenyewe. Anaweza kulishusha bega, akalisahau, likapanda, akalishusha tena, mpaka siku moja likae chini bila kuambiwa. Seremala anayejua kazi haanzi kupiga randa mbao mbichi. Huiacha ikauke, kwa sababu anajua kitanda kitakachopinda mwaka ujao kinaanza kuharibika leo.

Kazi ya kocha katika saa kama hizo ni ndogo kwa macho na kubwa kwa maana. Anasimama pembeni. Anasema neno moja kwa mmoja, halafu ananyamaza. Anasikiliza vishindo vya nyayo. Kikundi kilicholingana kina mdundo, na aliyechoka hujulikana kwa sikio kabla ya uso wake kusema. Kocha anayesema sana humfanya mwanafunzi amtegemee, na siku ya fainali, katika uwanja wenye watu elfu themanini, sauti ya kocha haisikiki.

Kambi za mazoezi zilipangwa wakati wa likizo, masomo yasivurugwe, na jambo hilo halikuwa dogo kwa wazazi waliokuwa wameuza ng'ombe kulipa karo. Mwaka 1989 O'Connell alifungua pia kambi za wasichana, wakati ambapo wengi nchini walikuwa bado hawajaamini kwamba msichana wa shule anaweza kuachwa akimbie hadi aonekane duniani. Miongoni mwa wasichana wa kizazi kile alikuwamo Sally Barsosio, aliyepata medali ya shaba ya mita 10,000 katika mashindano ya dunia ya Stuttgart mwaka 1993 akiwa na miaka 15 tu, kisha akachukua dhahabu ya mbio hizohizo mjini Athens mwaka 1997. Kati ya medali hizo mbili kuna miaka minne, na miaka hiyo ndiyo inayonivutia. Orodha za riadha zimejaa majina ya wasichana waliong'aa wakiwa na miaka kumi na tano wasisikike tena, kwa sababu kila mtu aliyewazunguka alitaka mbio nyingine, safari nyingine, zawadi nyingine. Kumtoa mtoto kwenye shaba ya utoto hadi dhahabu ya ukubwani ni kazi inayohitaji mtu wa kusema hapana mara nyingi.

Matokeo ya wavulana yalikuja mapema zaidi. Peter Rono alishinda mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 akiwa na miaka 21, na mwaka huohuo Ibrahim Hussein, aliyepitia shule hiyohiyo, akawa Mwafrika wa kwanza kushinda Boston Marathon. Matthew Birir alichukua dhahabu ya mbio za kuruka viunzi na maji Barcelona mwaka 1992. Wilson Kipketer, aliyesoma hapo kabla ya kuhamia Denmark, alivunja rekodi ya dunia ya mita 800 mwaka 1997 na kuishusha hadi dakika 1 na sekunde 41.11. Rekodi hiyo ilidumu hadi mwaka 2010, ilipovunjwa na kijana mwingine aliyelelewa na mwalimu yuleyule. Kwa maneno mengine, tangu 1997 rekodi ya wanaume ya mita 800 imemilikiwa na wakimbiaji wawili tu, na wote wawili walipita mikononi mwa mwalimu wa jiografia wa Iten.

Huyo wa pili ni David Rudisha, na hadithi yake inauonyesha ufundi huu wazi kuliko nyingine yoyote. Alitoka Kilgoris, kwa Wamaasai, mwana wa Daniel Rudisha aliyepata medali ya fedha ya mita 400 kupokezana vijiti Mexico mwaka 1968. Kijana mwenyewe alikuwa akikimbia mita 400 kama baba yake. Ilimbidi kocha auone mwili ule mrefu, hatua ile ndefu, na kuamua kwamba mahali pake ni mita 800. Uamuzi huo ulizaa matunda upesi: mwaka 2006 Rudisha akawa bingwa wa dunia wa chipukizi mjini Beijing.

Kisha mambo yakakwama. Mwaka 2008 jeraha lilimnyima Olimpiki. Mwaka 2009, katika mashindano ya dunia ya Berlin, aliishia nusu fainali. Kijana wa miaka ishirini aliyekwisha kusifiwa kila mahali angeweza kubadilisha kocha, na watu wa kumshauri hivyo hawakosekani kamwe. Rudisha alibaki Iten. Mwaka uliofuata, ndani ya juma moja la mwezi Agosti, alivunja rekodi ya dunia mara mbili, Berlin na kisha Rieti.

Halafu ikaja London, tarehe 9 Agosti 2012. Nimeitazama mbio ile mara nyingi na kila mara naangalia mabega yake. Alitoka mbele tangu mwanzo, bila mtu wa kumwongozea kasi, akapita mita 400 kwa sekunde 49.28. Nyuma yake wengine saba wanamfuata kwa mwendo ambao hawajawahi kuuzoea, na ukitazama nyuso zao unaona meno na shingo zilizokaza. Yeye kichwa chake kimetulia, viganja viko wazi. Katika mita mia mbili za mwisho, pale ambapo kila mkimbiaji wa mita 800 huanza kuvunjika, mwendo wake unapungua kasi kidogo lakini haupotezi umbo. Dakika 1, sekunde 40.91. Aliyemaliza wa mwisho katika fainali ile, wa nane, alitumia muda ambao ungempa dhahabu katika Olimpiki tatu zilizotangulia. Aliyepata shaba alikuwa Mkenya Timothy Kitum, mwenye umri wa miaka 17.

Watu husema Rudisha alikimbia kwa nguvu siku ile. Ni kweli, lakini mimi naona pia asubuhi nyingi za kukimbia taratibu barabarani, na yale mazoezi ya kupunga mikono bila kusogea.

Ustadi wa aina hii haukai viwanjani peke yake. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwapo tangu 1927, na kila anayekaa ukumbini kusikiliza kwaya za shule hutambua baada ya beti chache ni mwalimu yupi aliyewafundisha watoto kupaza sauti na ni yupi aliyewafundisha kusikilizana. Wa pili ametumia majuma mengi akiwaimbisha nusu sauti. Wanafunzi wa vyama vya Msalaba Mwekundu wanaojifunza kufunga bendeji mara mia kwa mwenzao mzima wa afya wanapitia njia hiyohiyo, na siku ya ajali barabarani mikono yao hujua la kufanya. Jukwaani siku ya zawadi huitwa jina la mwanafunzi, makofi yakapigwa, picha ikachukuliwa. Natamani siku hizo mwalimu naye aitwe, apewe dakika tano aeleze hatua kwa hatua alichomfundisha mtoto yule na kilichochukua muda mrefu zaidi. Wazazi wangesikiliza. Wanafunzi wa kidato cha kwanza walioketi chini mbele ndio wangesikiliza zaidi ya wote, kwa sababu wangegundua kwamba kinachosifiwa pale kinafundishika.

Na kinarithishwa pia. Miongoni mwa waliofundishwa na O'Connell alikuwa Janeth Jepkosgei, bingwa wa dunia wa chipukizi wa mita 800 mwaka 2002, bingwa wa dunia wa wakubwa Osaka mwaka 2007, na mshindi wa medali ya fedha katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008. Alipoacha kukimbia, naye akaanza kuwafundisha watoto. Mmoja wao alikuwa kijana aliyewahi kuacha shule kwa sababu ya umaskini akachunga ng'ombe, kisha akarudi darasani: Emmanuel Wanyonyi. Jepkosgei alimlea tangu akiwa mwanafunzi, kabla ya makocha wengine kumpokea. Mwaka 2021 Wanyonyi alishinda ubingwa wa dunia wa vijana chini ya miaka 20 katika uwanja wa Kasarani, Nairobi. Tarehe 10 Agosti 2024, mjini Paris, akiwa na miaka 20, alikimbia fainali ya Olimpiki ya mita 800 akiwa mbele, Marco Arop wa Kanada akimkaribia hadi mwisho. Wanyonyi alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 41.19. Arop alitumia 41.20.