Pongezi kwa Fundi Vitasa

Silinda ya kitasa ikichakaa, muuza duka atakwambia ununue kitasa kizima. Fundi vitasa wa Kariakoo hakwambii hivyo. Anafungua skrubu moja ubavuni mwa mlango, anageuza ufunguo kidogo mpaka ulimi wa silinda ulale sawa, na silinda inachomoka.

Silinda za mtindo wa Ulaya zina umbo moja, kichwa cha milimita 17 na kimo cha 33, hivyo ya kampuni moja huweza kuingia katika kitasa cha nyingine. Lakini umbo pekee halitoshi. Fundi hupima kutoka tundu la skrubu hadi kila ncha, maana silinda ikitokeza nje ya bamba, mwizi amepata pa kuishika na kuivunja. Ulimi nao usipofika, komeo halisogei.

Nilimwona akitia silinda, akichomoa, akitia tena, sikio karibu na mlango. Mwishoni aliikaza ile skrubu kwa upole, kwani ikizidi kukazwa silinda hubanwa na ufunguo huwa mzito. Nampongeza kwa dhati. Mlango ni wa mninga, na hakuuachia hata mkwaruzo mmoja.