Adabu ya Pumzi

Jioni maji yakijaa, vijana wa Mji Mkongwe hujipanga juu ya ukuta wa Forodhani na kuruka baharini mmoja mmoja. Wengine hupinduka hewani, wengine hukunja magoti kifuani, na watazamaji huwashangilia. Kila mmoja, kabla miguu yake haijaacha ukuta, hufanya jambo lile lile: huvuta pumzi kubwa akaikaza. Ndivyo mtu wa pwani alivyoingia majini tangu zamani, na hakuna aliyehitaji kufundishwa.

Kwa hiyo amri ya kwanza anayopewa mwanafunzi wa kuzamia kwa mtungi inagongana na mazoea yake yote: usizuie pumzi hata mara moja. Vuta, toa, vuta, toa, taratibu, tangu unapoondoka juu mpaka unaporudi. Nimeipenda kazi ya kuzamia kwa sababu ya amri hiyo. Ndani yake mna sayansi, mna hadhari ya maisha na mna adabu. Cheti cha mzamiaji wa mwanzo, ambacho wengi wetu hukihesabu kuwa kibali cha starehe za wageni, nakiona mimi kuwa ni moja ya skuli bora za adabu zilizopo katika kisiwa cha Unguja.

Tuanze na sayansi. Hewa tunayoivuta tukiwa tumekaa barazani inatulemea kwa uzito ambao hatuuhisi. Shuka mita 10 baharini, mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa juu. Mita 20, mara tatu. Mita 30, mara nne. Hewa hutii mgandamizo huo: puto lililojazwa juu, likifikishwa mita 10, hubaki nusu yake. Sasa geuza safari. Mtu akijaza mapafu kwa hewa ya mtungi akiwa mita 10, kisha akaikaza na kupanda nayo, hewa ile itataka kuwa maradufu kabla hajafika juu, na mapafu hayana nafasi hiyo. Kijana wa Forodhani amesalimika na hatari hii kwa kuwa pumzi aliyoshuka nayo ndiyo anayopanda nayo. Anayevuta hewa akiwa chini amepewa neema yenye masharti.

Neema yenyewe ni ya juzi. Mwaka 1943 huko Ufaransa, mwanamaji Jacques Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walitengeneza kifaa kinachompa mzamiaji hewa pale tu anapoivuta, tena kwa mgandamizo ulio sawa na wa maji yanayomzunguka. Kabla ya hapo, aliyetaka kufanya kazi chini kwa muda mrefu kwa kawaida alivaa kofia ya shaba na viatu vizito, akapelekewa hewa kwa bomba kutoka chomboni. Leo mtungi wa lita 12 uliojazwa mpaka bar 200 hubeba kiasi cha lita 2,400 za hewa mgongoni mwa mtu anayeogelea apendako. Ila hewa hiyo haiishi kwa kasi moja. Kadiri mtu anavyoshuka ndivyo kila pumzi inavyochota zaidi, na mwenye hofu huchota zaidi ya hapo. Watu wawili hushuka pamoja, mitungi sawa, kina kimoja. Mmoja hurudi na akiba ya kutosha, na geji ya mwingine imeshakaribia mstari mwekundu. Aliyebakiwa na hewa huwa ameutuliza moyo wake, hata kama mwenzake ana misuli kumzidi. Sijui kazi nyingine ambayo utulivu wa mtu husomwa kwa namba namna hiyo.

Ndiyo maana mafunzo hayatafuti mashujaa. Mwanafunzi huombwa aogelee mita 200 na aelee dakika 10, wala hakuna anayempima mwendo. Kisha hupigishwa magoti kwenye mchanga, majini, pale ambapo akisimama kichwa kinatoka nje, na hapo ndipo kazi inapoanza. Anaambiwa aingize maji ndani ya miwani yake mpaka yafunike macho, halafu ayatoe kwa kupuliza kwa pua. Anaambiwa atoe mdomoni kifaa cha kuvutia hewa, akiachie, akitafute kwa mkono, akirudishe. Anaambiwa ajifanye hewa imemwishia, amwombe mwenzake, wapumue pamoja kutoka mtungi mmoja. Kila zoezi limechagua jambo ambalo mwili unaliogopa na kumtaka mtu alitazame bila kukimbia. Maji yakigusa pua, mwili mzima hupiga kelele ya kutaka kwenda juu. Mwanafunzi hubaki. Anavuta, anatoa. Mbele yake, umbali wa mkono, yupo mwalimu aliyemkazia macho, anayeonyesha kila ishara polepole, mara ya tatu kwa upole ule ule wa mara ya kwanza. Nawavulia kofia walimu hawa. Wamo vijana wa Unguja waliokulia kwenye ngalawa za baba zao, na subira waliyonayo majini ningetamani kuiona katika madarasa yetu mengi ya nchi kavu.

Masikio nayo yana somo lao. Mtu anaposhuka, maji huyakandamiza, naye huziba pua na kupuliza taratibu ili hewa isawazike ndani. Hufanya hivyo mapema, kabla ya maumivu, na hurudia kila anaposhuka kidogo. Masikio yakikataa, hupanda kidogo, akangoja, akajaribu tena. Yakikataa kabisa, safari ya siku hiyo imekwisha, na hakuna wa kumcheka. Anayelazimisha anaweza kupasua ngoma ya sikio.

Halafu kuna mwenza. Wanafunzi hufunzwa kuzamia wawili wawili, na kabla ya kuingia majini kila mmoja humkagua mwenziwe: jaketi la hewa, mkanda wa risasi, vifungo, mtungi, hewa yenyewe. Wakishafika chini hawana maneno, wana mikono tu. Kidole cha shahada na gumba vikikutana duara, mambo ni salama. Dole gumba likielekezwa juu, maana yake ni tupande. Ishara hii ya pili ina kanuni ninayoiheshimu kuliko zote: mzamiaji yeyote, hata mgeni kabisa, anaweza kuikatisha safari wakati wowote bila kutoa sababu, na wengine wanamfuata. Hakuna kubembelezana wala kulaumiana mashuani.

Uzito wa kanuni hiyo utaupima vizuri ukikumbuka historia ya watu wetu na mbizi. Katika karne ya 19, na hata mwanzoni mwa karne ya 20, watu waliotekwa Afrika Mashariki, wengine wakipitia Unguja, walipelekwa Ghuba ya Uajemi na kufanywa wapiga mbizi wa lulu. Walishuka na jiwe mguuni, kibanio puani na kamba kiunoni, wakiokota chaza kwa pumzi moja, wakavutwa juu, wakashushwa tena, kutwa nzima, msimu wote wa joto. Lulu zilikwenda kwa bwana. Hata baadhi ya waungwana walioshuka pamoja nao walifungwa na madeni yasiyolipika. Biashara ile ilivunjika katika miaka ya 1930, lulu za kufugwa za Japani zilipojaa sokoni wakati uchumi wa dunia umeanguka. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na anayetembea kutoka pale mpaka ufukwe wa Shangani, ambako boti za wazamiaji hungoja abiria, hatembei hata nusu saa. Mpiga mbizi yule alikuwa na ufundi mkubwa kuliko wetu. Alichonyimwa ni haki ya kusema inatosha. Kila mwanafunzi anayeinua dole gumba leo anaitumia haki hiyo, na ni vyema aijue thamani yake.

Na huko chini kuna nini? Upande wa magharibi wa kisiwa, mbele ya Mji Mkongwe, kuna miamba ya Bawe, Pange na Murogo. Kusi likivuma, kisiwa chenyewe huukinga upande huo, na wanafunzi huweza kuendelea na masomo. Rangi nyekundu hufifia ndani ya mita chache za mwanzo, na damu ya mkato mdogo huonekana kijani. Kisha macho huzoea. Mtu aliyewajua kangu na chafi kwenye meza za soko la Darajani anawakuta hai kwa mara ya kwanza: kangu anaumega mwamba na mlio wake unasikika, nayo sauti husafiri majini zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Chewa amejibana pangoni. Mkunga anafungua na kufunga mdomo, anapumua, nawe unapumua. Hapo ndipo pumzi inapogeuka kuwa usukani. Ukivuta, unainuka kiasi cha shubiri, ukitoa, unashuka. Mzamiaji aliyejifunza hupita juu ya matumbawe bila kuyagusa. Asiyejifunza huyavunja kwa mapezi yake, na kipande cha ukubwa wa ngumi huenda kilichukua miaka mingi kukua.

Eneo hilo hilo lina mabaki ya Great Northern, meli ya Waingereza ya kulaza waya za telegrafu baharini, iliyozama mwaka 1902. Imelala kwenye kina anachoruhusiwa mwanafunzi, na matumbawe yameshaivaa. Manowari Pegasus, iliyopigwa na manowari ya Wajerumani Königsberg hapo Septemba 20, 1914, iko kina kirefu zaidi. Cheti cha mwanzo kinaishia mita 18, karibu pima kumi za mvuvi, na mwenye cheti hicho haifuati Pegasus hata awe na hamu kiasi gani. Hata kupanda kuna mpaka: mita 9 kwa dakika, kisha kituo cha dakika 3 kwenye mita 5, ili naitrojeni iliyoingia mwilini ipate muda wa kutoka kwa salama. Anayepanda kwa pupa anaweza kuugua akiwa ameshaketi mashuani.

Najua gharama. Cheti hiki hulipwa kwa mamia ya dola, na familia nyingi za Unguja haziwezi. Najua pia kwamba watu wengi wa kisiwa hiki, hasa wanawake, hawajafundishwa hata kuogelea. Hili lina athari hadi jikoni. Mwani umelimwa Unguja kibiashara tangu mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Maji ya ufukweni yalipozidi joto, mwani wenye bei nzuri ulianza kufa, na watafiti kama Dk. Flower Msuya wakaonyesha njia ya kuupanda kwenye maji ya kina zaidi. Kikwazo kilikuwa wazi: mkulima asiyejua kuogelea hawezi kulifuata shamba lake huko. Kule Muyuni, wanafunzi wasichana wa Skuli ya Msingi ya Kijini wamefundishwa kuogelea na kuelea wakiwa na mavazi ya stara, na hapo ndipo safari ya mzamiaji yeyote inapoanzia.

Kuna sababu nyingine. Mwaka 1998, na tena 2016, bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe yalipauka. Aliye juu ya mashua hakuona kitu. Maji yalibaki buluu ile ile. Waliojua ni waliotia nyuso zao chini: wavuvi, wazamiaji na watafiti kama wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa Unguja mwaka 1978. Kisiwa cha Chumbe, kilichohifadhiwa tangu 1994 na chenye spishi zaidi ya 400 za samaki, hakiruhusu wageni kuzamia kwa mitungi. Wageni huelea juu na kutazama. Walinzi wake wa mwanzo walikuwa wavuvi wa jirani. Walipewa miwani, elimu na dhamana, wakawa walimu wa wavuvi wenzao.

Mfano huo unatosha kutuonyesha la kufanya. Skuli za pwani zifundishe kuogelea kama zinavyofundisha hesabu. Vituo vya kuzamia na mahoteli yanayokula kwa bahari hii vitenge kila mwaka nafasi za bure kwa vijana na wasichana wa vijiji vilivyo mbele yao, mpaka cheti. Wakipata cheti watapata na kazi, lakini kwanza watakuwa wamejifunza kupumua pale wanapoogopa, kumkagua mwenzao kabla ya kujisifu, na kusimama kwenye mpaka wao bila aibu. Kijana mwenye adabu hizo atafaa baharini, atafaa sokoni, atafaa barazani. Na mwamba utakapohitaji mtetezi, atautetea kwa ushahidi wa macho yake, samaki kwa samaki, kwa majina.